Swali la Thelathini na Moja

Vifurushi vya wodi ya upasuaji ndivyo vizito kuliko vyote, maana shuka zake huteremka zikiwa bado mbichi. Saa kumi na mbili asubuhi Bi Shuka alikuwa ameshafungua vitatu. Zenye damu alizitenga upande wake, nyingine akazitumbukiza kwenye mashine kubwa, akausukuma mlango wake kwa nyonga mpaka ukafunga. Kitasa kilikatika mwaka juzi, na mwenye kibali cha kununua kingine bado anasubiri kibali cha mwenziwe.

Chumba cha kufulia kipo chini kabisa ya hospitali, na dirisha hakina. Mashine zikishawaka, hata mtu aliye mkono mmoja kutoka kwako humsikii. Madobi wa mle walikuwa watu wa ishara: kidole juu, bado; kiganja chini, tayari; mkono kiunoni, mkuu anakuja. Lakini ishara nayo inataka wa kuiona. Madobi walikuwa wanne, wakawa watatu, wakawa wawili, na yule wa pili amewekwa zamu ya jioni. Kwa hiyo mchana kutwa Bi Shuka na mikono yake walikuwa wanaelewana wao kwa wao.

Kukunja ndiko kulikomuuma. Shuka ya hospitali hukunjwa na watu wawili. Huyu anashika pembe mbili, yule mbili, mnasogea mnakutana, mnarudi nyuma, mnasogea mnakutana tena, kama watu wanaosalimiana kila dakika. Mwenzake alistaafu miaka mitatu iliyopita, ofisi ikasema italeta mwingine. Bi Shuka alingoja miezi minne. Mwisho akapigilia misumari miwili ukutani, akawa anatundika pembe mbili pale, anakwenda mbele na kurudi peke yake. Hana mikono lakini ananishikia, hana mdomo lakini tunaelewana: nani huyo? Alijitegea kitendawili hicho, akajijibu msumari, akacheka. Kisha akaangalia huku na huku kama kuna aliyemsikia, na bila shaka hapakuwa na mtu.

Alikuwa na miaka kumi na tisa katika kazi hiyo. Shuka za watu maelfu zilishapita mikononi mwake. Alijua nani ametapika usiku, nani amejifungua, nani hakuamka. Lakini hajapata kumwona hata mmoja akiwa juu ya shuka aliyoikunja yeye. Ndiyo sababu lile tangazo kwenye ubao wa ghorofa ya kwanza lilimsimamisha. Walitakiwa wahudumu wa wodi. Wawe na cheti cha elimu ya msingi, wawe na umri chini ya miaka arobaini na mitano. Mhudumu wa wodi anatandika, anamgeuza mgonjwa, anamshikia kikombe, anaulizwa habari za asubuhi na kujibu. Bi Shuka hakutaka makubwa. Alitaka kuulizwa habari za asubuhi.

Alikuwa na miaka arobaini na minne, na mwezi wa tatu mwakani anatimiza mitano. Cheti hakuwa nacho. Shule aliiacha darasa la tano, alipobaki yeye wa kuwalea wadogo zake.

Leo ilikuwa siku ya mtihani. Mara ya tatu, na ya mwisho.

Alivua gauni la kazi nyuma ya rafu, akavaa sketi yake ya bluu na viatu vya kamba. Alipokuwa anapita mlango wa boila, fundi wa boila akatoa kichwa nje. Ni mtu mnene, mcheshi, masizi hayamtoki hata siku ya mapumziko.

"Ehee! Bi Shuka, leo umewaka. Nani anakungoja huko juu?"

"Naenda kung'oa jino."

"Jino gani hilo la kuvaliwa viatu vya kamba?"

"Ni jino la heshima, fundi. Huliendei na malapa."

"Basi unisalimie daktari. Na ukirudi bila pengo nitajua mambo."

Bi Shuka alipanda ngazi akicheka peke yake. Angeweza kumwambia. Fundi ni mtu mwema, pengine angemwombea. Lakini mwaka wa kwanza aliwaambia wote, mpaka muuza mboga wa mtaani, na matokeo yalipotoka akahesabu nyuso zote za kujibu. "Vipi, umefaulu?" "Vipi ule mtihani?" Mwaka wa pili akamwambia binti yake tu, kwa simu, naye binti akasema kwa upole kabisa, "Mama, kwa umri huo cheti utakitundika wapi? Si upumzike tu?" Ule upole ndio uliomkata. Mwaka huu alilifunga jambo lake kifuani kama mtu anayeficha ujauzito.

Na asidhani mtu kwamba mwaka wa kwanza ulipotea bure. Alianguka hesabu, akakaa na kitabu chake cha darasa la sita, kisicho na jalada, akatafuta alipoangukia. Alipoangukia ni kwenye sehemu. Nusu ya robo, robo tatu ya kilichobaki, sehemu juu ya sehemu. Maneno hayo yalikuwa yanamzunguka kama nzi. Darasa la jioni la watu wazima lilishafungwa, mwalimu wake kahamishwa, wa kumuuliza hakuna. Mpaka mchana mmoja akiwa mbele ya misumari yake, ameikunja shuka mara moja, akasimama. Hii ni nusu. Akakunja tena. Hii ni robo. Akakunja mara ya tatu, akahesabu kwa kidole: vipande vinane, na mkononi ameshika kimoja. Akaikunjua yote. Akaikunja tena polepole. Sehemu zote zilizomshinda kitabuni alikuwa anazishika mkononi tangu siku ya kwanza ya kazi, ila hakuna aliyemwambia kwamba zile ndizo hesabu.

Tangu hapo akawa hasomi hesabu, anazikunja. Alikunja shuka, alikunja mto, alikunja karatasi za sabuni. Nyumbani, kwenye chumba chake cha kupanga, alikunja leso kitandani mpaka mafuta ya taa yalipokaribia kwisha, na siku hizi mafuta ya taa yamepanda mpaka watu wanayataja kwa kunong'ona.

Mwaka wa pili aliingia chumba cha mtihani na leso hiyohiyo. Akaikunja chini ya meza. Msimamizi wa mwaka ule, mwanamke mwenye miwani, akaiona, akawaita wenzake. Wakaichukua, wakaiinua dirishani, wakaitafuta maandishi mbele na nyuma. Hawakukuta kitu, ila walisema leso kwa mtihani ni kifaa kisichoruhusiwa, wakamtoa nje. Leso ikabaki ofisini, ushahidi.

Hilo nalo alilishika: usiingie na kitu.

Kwa hiyo asubuhi hii alifika kwenye lango la shule na penseli mbili, kifutio na kadi yake ya namba. Mfukoni hata punje ya mchanga hakuna. Karani wa langoni alikuwa anatazama orodha, hakuinua uso.

"Wazazi wanasubiri upande ule, mama, chini ya kivuli."

"Mimi nafanya mtihani."

Karani akainua uso. "Wewe?"

"Mimi. Au umeona mwingine nyuma yangu?"

Karani akatazama nyuma yake, kweli, kisha akaona aibu. Akaichukua kadi, akaigeuza, akaigeuza tena. "Picha haifanani."

"Ile nilipiga kabla sijaanza kusoma. Kusoma kunazeesha."

Akaruhusiwa.

Chumba kilikuwa cha madawati madogo ya watoto. Bi Shuka alikaa upande, magoti yasingeingia. Watahiniwa wa kujitegemea walikuwa kumi na wanane, karibu wote umri wa binti yake au chini ya hapo, na kila mmoja alitazama mbele yake. Msimamizi alikuwa mwalimu kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri mbele na kusahauliwa mgongoni. Bi Shuka aliliona hilo mara moja, akamhurumia. Huyu anajipigia mwenyewe, alisema moyoni, hana wa kumtazama nyuma.

"Saa tatu mpaka saa tano," msimamizi alisoma. "Maswali hamsini. Karatasi ya majibu ni moja kwa kila mtu, ina namba yako. Paka penseli kwenye kiduara kimoja tu. Usitoboe, usilowanishe, usiandike popote nje ya viduara. Karatasi ya kukokotolea hakuna, kokotoa kichwani au pembeni mwa kijitabu cha maswali. Anzeni."

Walianza. Maswali ya mwanzo yalikuwa mepesi mpaka akayashuku. Jumlisha, toa, zidisha. La kumi lilikuwa na treni mbili, akaziacha zipishane kwanza, akalirudia baadaye. La ishirini na mbili alilijua kabla hajamaliza kulisoma, na mwili ukamsisimka. Alitazama kushoto na kulia, si kuibia, alitaka tu uso mmoja wa kutabasamu naye. Vichwa vyote vilikuwa vimeinama.

Akafika swali la thelathini na moja.

*Mama alikuwa na kitambaa. Alitumia robo tatu ya kitambaa hicho kushona mapazia. Nusu ya kilichobaki alimpa jirani. Je, jirani alipata sehemu gani ya kitambaa chote?*

Bi Shuka akalisoma mara mbili. Hili ni lako, akajiambia, hili limekuja kwa jina lako. Akajaribu kichwani. Robo tatu ikaja, kilichobaki kikaja, alipotaka kukigawa vyote vikamponyoka kama sabuni. Akajaribu kuchora pembeni mwa kijitabu, kamstari, kamstari, lakini vipande havikulingana, kimoja kinene kimoja chembamba, akavifuta. Kijitabu chenyewe kilikuwa kimebanwa pini mbili, hakikunjiki. Mikono yake ilikuwa juu ya dawati, mitupu.

Halafu mikono ikafanya kazi yake. Ilichukua karatasi iliyokuwa huru, iliyo mbele yake, ikakutanisha pembe na pembe, ikapitisha kucha juu ya mkunjo. Nusu. Tena. Robo. Robo tatu za mapazia hizi hapa, iliyobaki hii hapa. Akaikunja tena yote, ili iliyobaki nayo igawanyike, akaipitishia kucha. Akahesabu vipande: vinane. Jirani ana kimoja. Moja ya nane. Jibu C!

Raha ilimpanda mpaka masikioni. Aliikunjua karatasi, akailaza, akapaka kiduara cha C kikawa cheusi tii.

Ndipo alipoona viduara vya swali la tisa vimekatwa na mstari. Na vya kumi na nane. Mistari ya mikunjo imepita karatasi nzima, wima na mlalo, kama dirisha la vioo vingi. Aliiweka chini ya kiganja akaikandamiza. Alivuta kwa ukingo wa mkono, kama anavyonyoosha upindo. Karatasi nzito ya namna ile ikishakunjwa haisahau.

Kivuli kikasimama juu yake.

"Mama," msimamizi alinong'ona. "Umefanya nini?"

"Nilikuwa nahesabu."

Alichukua karatasi, akaiinua kwenye mwanga. Uso wake haukuwa wa ukali. Ulikuwa wa mtu anayeona glasi ikianguka.

"Hii inasomwa na mashine. Ikikuta mkunjo inaitema."

"Nipe nyingine, mwalimu, nahamisha majibu sasa hivi. Nimebakiza ishirini tu."

"Nyingine hakuna. Kila karatasi imekuja na namba ya mtu. Yako ndiyo hii."

"Basi nipe dakika kumi na pasi ya mkaa. Mimi ni dobi. Nitakurudishia hujui kama iliguswa."

Msichana wa dawati la mbele akacheka kwa pua. Msimamizi hakucheka.

"Haitoki, mama. Hata ikinyooka, mashine inaona."

"Na wewe unaona? Si una macho? Isome wewe."

"Zamani tulisahihisha kwa macho. Sasa haturuhusiwi hata kujua jibu." Alitazama mlangoni, akateremsha sauti zaidi. "Pole sana. Unaweza kwenda. Utajiandikisha tena mwakani."

Mwakani. Alilisema kama mtu anayesema kesho. Bi Shuka alilitazama neno hilo likikaa juu ya dawati. Mwakani kuna mwezi wa tatu. Mwakani tangazo litakuwa limebandikwa palepale, na yeye atapita chini yake na kifurushi.

"Niambie kitu kimoja tu," akasema. "La thelathini na moja ni C?"

"Nimekwambia sijui, mama. Na ningejua nisingeruhusiwa kusema."

Ni mchezo gani huu? Kitendawili ukishindwa unatoa mji, unaambiwa jibu, mnaendelea. Hapa mji wameuchukua na jibu wamebaki nalo.

Alishusha pumzi. "Saa ngapi sasa?"

"Saa nne na dakika kumi."

"Na mtihani unaisha saa tano."

"Ndiyo, lakini yako haita..."

"Nirudishie karatasi yangu, mwalimu."

"Haitasomwa na mtu yeyote."

"Nimesikia. Nirudishie."

Msimamizi akailaza juu ya dawati, mbele yake, taratibu, akaondoka.

Bi Shuka akasoma swali la thelathini na mbili. La thelathini na tano lilimpa kazi. La arobaini alilikosa, alijua amelikosa, akalirudia akalipata. Viduara vilivyokatwa na mkunjo alivipaka pande zote mbili za mkunjo, kwa makini, bila kuvuka ukingo. Msichana wa mbele alimaliza akatoka. Wakatoka wengine, wawili wawili, viatu vikiburuzika sakafuni, na kila mmoja alipopita alichungulia ile karatasi yenye dirisha na kuharakisha. Chumba kikapanuka. Treni mbili za swali la kumi akazikutanisha saa tano kasoro dakika saba.

Kengele ilipolia alikuwa amebaki yeye na msimamizi. Hamsini zote zilikuwa nyeusi.

Msimamizi alikuja na fomu. Alikuwa ameijaza tayari kwa wino, na kalamu ameilaza juu yake.

"Weka sahihi hapa chini, mama. Ni utaratibu tu."

Bi Shuka akaivuta. "Ngoja nisome."

"Ni utaratibu tu, gari la kukusanya bahasha lipo nje."

"Lingoje. Nimefundishwa kusoma kabla ya sahihi. Limo kwenye kitabu, ukurasa wa sitini."

Akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Nje gari likapiga honi. Namba ya mtahiniwa, sawa. Tarehe, sawa. *Muda wa kuondoka: 4:10.*

"Hapa umekosea. Saa nne na dakika kumi sikuondoka. Mpaka sasa sijaondoka."

Msimamizi akakata, akaandika 5:00.

Chini yake palikuwa na visanduku vitatu. *Udanganyifu. Ugonjwa. Kuharibu karatasi kwa makusudi.* Tiki ilikuwa kwenye cha tatu.

Bi Shuka akaweka kidole hapo, hakukiondoa.

"Mimi sikuharibu kwa makusudi."

"Najua, mama."

"Unajua, na umeandika hivi?"

"Visanduku ni vitatu tu. Lazima nichague kimoja, la sivyo bahasha nzima inarudishwa, na mimi ndiye naulizwa." Alijifuta shingo. Ghafla alionekana mdogo, kama mmoja wa wale waliotoka. "Nisaidie, mama. Fomu haina sehemu ya... ya namna yako."

Honi ikalia tena, ndefu. Bi Shuka akaitazama fomu. Karatasi nzuri, mistari iliyonyooka, nafasi ya kila mwizi, ya kila mgonjwa na ya kila mkorofi. Akachukua kalamu. Akalaza ukingo wa kadi yake ya namba chini ya kisanduku cha tatu, akapiga mstari. Akaigeuza, akapiga wa pili. Wa tatu. Wa nne. Kikatokea kisanduku, sawasawa na vile vitatu, labda kikubwa kidogo.

"Mama, hiyo hairuhusiwi."

Pembeni ya kisanduku Bi Shuka akaandika kwa herufi zake za duara, bila kuinua kalamu ila pale neno linapoisha: *Nilikuwa nahesabu.*

Msimamizi aliyasoma maneno hayo juu chini, kutoka upande wake wa dawati. Akaangalia mlangoni, akaangalia saa. Hakuichukua fomu.

"Umemaliza?" akauliza.

"Bado," Bi Shuka akasema, na akakiwekea tiki.